Seva yetu inaganda kila siku: nimlipe fundi apige Windows upya?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mhasibu katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tanga, tuko watu saba. Tuna seva ya mwaka 2014, prosesa ni Intel Xeon E3, RAM GB 8, diski mbili za TB 1 zinazobeba kitu kimoja, na Windows Server 2012 R2. Diski moja ilikufa 2019, tukanunua nyingine dukani. Tangu mwezi uliopita seva inaganda, siku nyingine mara moja, siku nyingine mara tatu. Kipanya kinasogea kidogo halafu nacho kinakwama, taa ya diski inabaki imewaka tuli, feni zinazunguka kama kawaida. Mara nyingine inazinduka yenyewe baada ya dakika mbili, mara nyingine inabidi tukandamize swichi mpaka izime. Fundi wa kwanza anataka apige Windows upya. Wa pili anasema tuongeze RAM. Bosi anasema hataki kumwona fundi wa tatu. Tufanyeje?

Jibu: Nzuri, dada yangu, na poleni. Mwambie bosi mimi sihesabiki, siji ofisini kwenu wala simdai kitu.

Usimlipe mtu kwanza. Swali lako lina sentensi mbili zilizonifanya niache chai ipoe: kwamba taa ya diski inabaki imewaka tuli, na kwamba mara nyingine mashine inazinduka yenyewe. RAM mbovu haina tabia ya kukwama dakika mbili kisha ikarudi kazini kama si yenyewe. Joto la prosesa halina tabia hiyo, na pawa saplai iliyochoka ikikata imekata. Kinachokwama, kikahangaika, kisha kikazinduka, kwa miaka yote niliyoshika bisibisi, karibu kila mara ni diski. Na kama ni kumtaja mshukiwa kabisa, namtaja yule mliyemnunua 2019. Nitakwambia kwa nini, lakini kwanza tuokoe mafaili.

Diski mbili zinazobeba kitu kimoja zinawakinga moja ikifa, basi. Mtu akifuta folda ya ankara kwa bahati mbaya, imefutika kote kuwili papo hapo. Virusi vikiingia vimeingia kote. Mwizi akibeba boksi amebeba zote. Kwa hiyo leo jioni, wenzako wakishafunga kazi zao, chomeka diski ya nje ya USB kwenye seva. Programu ya hesabu ifanyie bakapu kwa kitufe chake yenyewe cha bakapu, maana faili la hesabu likinakiliwa huku liko wazi laweza kutoka limevunjika. Folda nyingine zote zinakili kwa amri hii kwenye dirisha la amri (Command Prompt) la seva, ukibadilisha majina yawe ya kwenu:

robocopy D:\Ofisi E:\Ofisi /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\nakala.txt

Hizo /R:1 na /W:1 usiziache. Bila hizo, robocopy ikikuta faili lisilosomeka hujaribu tena mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Piga hesabu, wewe ni mhasibu: ni siku 347 kwa faili moja. Ukiziweka, itarudia mara moja tu, itaandika jina la faili lililoshindikana kwenye nakala.txt na kuendelea na safari. Kesho asubuhi soma hiyo nakala.txt. Kila jina lililokwama humo ni ushahidi dhidi ya diski.

Kisha ile bakapu ya hesabu ifungue kwenye kompyuta nyingine, uone salio la jana limo. Nishawahi kukuta ofisi inayohifadhi bakapu za miaka miwili kwa nidhamu ya kupendeza, kila Ijumaa, kwenye flashi yenye lebo. Tulipozifungua, kila moja ilikuwa faili la KB 1. Folda ilihamishwa zamani na hakuna aliyeiambia programu.

Na kuna kitu kimoja msifanye kabla nakala haijakamilika, hata fundi akishauri kwa nia njema: msiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Amri hiyo inaisoma diski nzima kona kwa kona. Diski iliyo mahututi ukiikimbiza hivyo inaweza kumalizikia hapohapo njiani.

Sasa, siku seva itakapoganda tena, msikimbilie swichi. Chukueni dakika tano na daftari. Andikeni saa. Bonyeza Num Lock kwenye kibodi ya seva yenyewe: taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kiini cha Windows kiko hai na kuna kitu kinakisubiri. Ikigoma kabisa, hasa kama inagoma hivyo tangu sekunde ya kwanza, hapo ndipo tutawafikiria RAM, mazabodi, umeme na joto. Kisha nenda kwenye kompyuta yako, fungua dirisha la amri, andika ping, anwani ya seva, na -t mwishoni, uiache iendelee. Majibu yakiendelea kurudi huku skrini ya seva imekufa, maana yake prosesa, RAM na kadi ya mtandao zote ziko kazini, na kilichokwama ni kusoma na kuandika. Taa ya diski umeshaiona mwenyewe. Kuwaka tuli maana yake ombi limekwenda na jibu halijarudi.

Mkishaiwasha, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System. Utakuta mstari mwekundu wa Kernel-Power namba 41, na kila fundi atakuonyesha huo kwa kidole kana kwamba amekamata mwizi. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine imewaka bila ya kuzimwa kwa utaratibu. Nyie ndio mliokandamiza swichi, mnalijua hilo tayari. Angalia mistari ya dakika zilizotangulia: namba 7, ambayo ni eneo bovu kwenye diski, namba 11, kidhibiti (kile kinachoziongoza diski) kulalamika, namba 129, ombi lililopitiliza muda mpaka diski ikashtuliwa upya, namba 153, ombi lililobidi kurudiwa. Ukikuta kimya, pengo la dakika kumi na tano halina hata mstari mmoja, usivunjike moyo. Kumbukumbu hizo huandikwa kwenye diski ileile iliyokwama, kwa hiyo mara nyingi shahidi amezibwa mdomo na mtuhumiwa.

Turudi kwa yule wa 2019. Sijui mliuziwa diski gani, lakini kwa kuwa unasema mliinunua dukani, nachukulia ni ile ya kompyuta ya mezani, kwa sababu ndiyo inayopatikana kila duka na bei yake inavutia. Kwa nje haina tofauti na ya seva: ukubwa uleule, plagi ileile. Tofauti iko kwenye tabia yake inaposhindwa. Diski ya seva ikikuta sehemu isiyosomeka hujaribu kwa sekunde kama 7, kisha hukiri kwamba imeshindwa. Kidhibiti kinachukua data ileile kwa mwenzake, kazi inaendelea, na ninyi hamjui hata kama kulitokea jambo. Diski ya mezani imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye diski moja, ambaye hana mwenzake wa kumwuliza, kwa hiyo haikati tamaa upesi. Inasoma, inarudia, inarudia tena, inaweza kumaliza dakika nzima au zaidi, na muda wote huo haimjibu mtu. Mwenzake mzima yuko pembeni na data yote anayo, lakini haulizwi, kwa kuwa huyu hajasema ameshindwa. Windows inasubiri na watu saba wanasubiri. Akibahatika kuisoma ile sehemu, mashine inazinduka. Hizo ndizo dakika zako mbili. Asipobahatika, mnakandamiza swichi.

Seva ndogo nyingi za miaka ile zina ubaya mwingine juu ya huo. RAID yake, yaani ule mpango wa diski mbili kubeba kitu kimoja, haifanywi na kadi yenye akili yake, inafanywa na chipu ya mazabodi ikisaidiwa na programu. Kadi nzuri ingemchoka huyo mgonjwa na kumtoa kundini. Hizi za chipu humvumilia mno.

Kuthibitisha ni kazi ya nusu saa. Zima seva kwa utaratibu, chomoa umeme, toa diski moja, uiandike kwa makapeni ilikuwa ya juu au ya chini. Usiiwashe seva wakati diski moja iko nje. Ukiiwasha, iliyobaki itaandikwa peke yake, zitaachana, na utalazimika kuzijenga upya. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Windows ya kompyuta hiyo ikikuuliza kama iiandae diski hiyo kwa matumizi, kataa. Fundi mwenye haraka hubonyeza ndiyo hapo na kuongeza kazi ya siku mbili.

Mistari ya kutazama ni michache. 05 ni sehemu zilizokufa na kuhamishwa. C5 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazingojea. C6 ni zilizothibitika hazisomeki. C5 ikiwa zaidi ya sifuri kwenye seva iliyo kazini, mimi simwachi huyo diski alale humo usiku wa pili. Angalia pia 09, saa ilizokuwa imewaka: 43,800 ni miaka 5 kamili bila kupumzika, na ile iliyobaki tangu 2014 yaelekea imepita hapo zamani. Programu hiyo kwa kawaida huonyesha namba kwa mfumo wa herufi na tarakimu, ambapo 10 maana yake 16, kwa hiyo badilisha kwanza kwenye menyu zisomeke kwa makumi kabla hujamwogopesha bosi. Na kama 05, C5 na C6 zote ni sifuri lakini C7 imepanda, yaelekea diski haina kosa. Mshukiwa ni kebo yake ya SATA, ile inayoiunganisha na mazabodi. Badilisha kebo, ambayo haifiki hata bei ya nauli ya fundi, utazame wiki moja. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga sitashangaa.

Ikithibitika ni diski, badilisheni zote mbili, moja baada ya nyingine. Nunueni za daraja la seva au za NAS (boksi la kuhifadhia mafaili ya ofisi kwenye mtandao), zisizo ndogo kuliko za sasa. Anza kwa kumtoa mgonjwa, weka mpya, acha zijijenge. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, TB 1 inachukua karibu saa tatu. Kwenye seva ya zamani, tena kama watu wanaifanyia kazi, hesabu usiku mzima. Fanya Jumamosi. Hapa ndipo nakala ile ya nje inapokuwa na maana, kwa sababu kujenga upya kunamlazimisha yule mzee wa 2014 asomwe kila kona, pengine kwa mara ya kwanza tangu anunuliwe, na wazee wengine huangukia hapo hapo. Akivuka, naye mtoe, weka mpya wa pili.

Lakini mimi nimesoma aya moja tu kutoka kwako, na niliwahi kuumbuka kwa kuwa na uhakika mno. Ofisi moja Kariakoo iliniita seva inaganda. Nikabadilisha diski, ikaganda. Nikabadilisha RAM, ikaganda. Siku ya tatu nikaamua kukaa tu, nimeegemea kaunta ya mapokezi, bila kugusa kitu. Saa nne asubuhi mhudumu akaja, akachomeka birika la umeme la chai kwenye ekstensheni moja iliyolala chini ya meza, nyembamba kama kamba ya viatu. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Taa ya kaunta ikafifia, UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, ikatoa mlio mmoja mfupi, seva ikaganda. Betri ya UPS ilikuwa imekufa muda mrefu. Ilikuwa boksi la kupitishia umeme tu. Nikaishika ile plagi, ya moto. Daftari lao la matatizo, ambalo nilikuwa sijaomba kulisoma, lilionyesha karibu kila siku saa nne na saa kumi, saa za chai.

Ndiyo maana nimekuambia uandike saa. Seva inayoganda saa ileile ina jirani wa kuulizwa: birika, kompresa ya friji, kazi ya antivairasi iliyopangiwa saa hiyo, kiyoyozi kinachozimwa wakati wa mapumziko. Inayoganda pale mtu anapofungua folda fulani, kama ile ya hati za zamani zilizoskaniwa, inazidi kuiangukia diski.

UPS yenu ipimeni bila seva. Chomeka taa ya wati 100 au feni ya mezani, chomoa plagi ya ukutani, hesabu. Betri zile ndogo za volti 12 na ampea-saa 7 hukaa miaka mitatu hadi mitano mahali penye ubaridi, na pwani hazifiki huko. Ikizima ndani ya dakika moja, badilisha betri, si UPS nzima.

Mkiwa mmeifungua seva, isafisheni. Peleka nje, tumia bloa, na ushike kila feni kwa kidole isizunguke kwa upepo wa bloa, maana feni inayozungushwa hivyo inaweza kuharibika. Utaona vumbi la pwani si kavu kama la Dodoma. Limeshikana, kama ukungu wa mkate, kwa sababu ya unyevu na chumvi. Toa RAM, futa meno yake kwa kitambaa laini na spiriti, rudisha mpaka vibanio vyote viwili vilie. Mafuta ya joto juu ya prosesa baada ya miaka kumi yamekuwa chaki. Kwangua, paka mapya kiasi cha punje ya mchele. Angalia kapasita kwenye mazabodi, zile pipa ndogo zenye kofia ya chuma. Kofia ikiwa imevimba au imetoa ute wa kahawia, acha kutumia hela kwenye boksi hilo.

Suala la RAM ni fupi. Seva za Xeon E3 kwa kawaida hutumia RAM ya ECC, inayosahihisha yenyewe kosa la biti moja na kuripoti makosa ya biti mbili. Ikiwa mbovu kawaida huacha alama kwenye kumbukumbu za mazabodi au inaiangusha mashine kwa skrini ya buluu, haikai kimya. Kama mnataka kuondoa wasiwasi, wekeni Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, usiku mmoja, asubuhi msome. Kuongeza RAM wakati diski inakwama ni kupanua sebule ilhali mlango ndio uliokwama. Fundi wa pili namwelewa, GB 8 ni ndogo kwa siku hizi, lakini upungufu wa RAM unaleta uzito wa kudumu, si kuganda na kuzinduka.

Na Windows. Kupiga Windows upya kwenye diski yenye sehemu mbovu huonekana kufaulu kwa siku chache, kwa sababu mafaili yameandikwa upya mahali pengine kwenye diski na yale maeneo mabaya hayaguswi kwanza. Fundi anaondoka na hela yake kwa dhamiri safi. Wiki ya tatu mnampigia simu tena.

Lipo jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewaambia. Windows Server 2012 R2 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, isipokuwa kwa wanaolipia nyongeza, na hata nyongeza hiyo mwisho wake ni Oktoba 2026. Ninyi mnafungua viambatisho vya barua pepe kutoka kwa wateja na meli kila siku. Kwa hiyo diski mpya ni za kuwavusha, tuseme mwaka, na baadaye zitahamia kwenye mashine mpya, hela haipotei. Kwa watu saba wala hamhitaji seva kubwa. Kompyuta nzuri ya mezani yenye Windows 11 Pro inaruhusu kompyuta 20 kuunganishwa kwenye folda zake kwa wakati mmoja. Iwekeeni diski hizo mbili, na ulizeni kwanza wenye programu ya hesabu kama wanakubali ikae hapo. Bosi ataipenda bei.

Huyo fundi wa kwanza mwiteni, ana bisibisi na yuko karibu. Mpeni kazi ya kuzitoa diski, kuzisoma, kubadilisha kebo na kusafisha, na mumlipe kwa hiyo. Windows aiache. Ukizipata zile namba za 05, C5, C6, C7 na 09 niandikie, za diski zote mbili, na usisahau kuniambia ipi ilikuwa juu.